Fundi wa websaiti anasema domeni za kiwanda chetu ni zake, hii imekaaje?

binti_kizota:

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naombeni msaada wa mawazo hasa nyie mnaojua mambo ya websaiti, maana nimekaa ofisini hapa Kizota na akili imesimama kabisa.

Mama yangu ana kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Mbegu tunachukua Singida, nyingine Kongwa na Bahi msimu ukiwa mzuri. Mwaka 2021 tukaanza kupeleka mafuta kwenye maduka makubwa, wakatuambia tuwe na websaiti na imeili ya ofisi, siyo ile ya Gmail. Tukatafutiwa kijana mmoja alomaliza chuo hapahapa Dodoma, tukaelewana laki sita na nusu, akatuandikia risiti ya mkono, ninayo mpaka leo, imeandikwa "websaiti, domeni na imeili, mwaka 1". Akasajili domeni mbili, yaani majina ya websaiti kwenye mtandao, zenye jina la kiwanda, moja ya .co.tz na nyingine ya .com. Kila mwaka tunamtumia laki na elfu themanini kwenye simu anasema ni ya kulipia domeni na hostingi (pale websaiti inapokaa), na sisi tulikuwa tunalipa tu hatuulizi.

Mwaka huu mama aliumwa tukachelewa kulipa miezi miwili, hilo kosa ni letu nalikubali. Lakini pia websaiti ilikuwa nzito haifunguki, nikamwambia kwa heshima kabisa kwamba tunashukuru kwa kazi ila tumepata mtu mwingine, naomba atukabidhi. Jibu lake WhatsApp nanukuu: "Domeni ziko kwenye jina langu nimesajili mimi kwenye akaunti yangu. Mkizitaka ni milioni moja na nusu, hamtaki tafuteni jina lingine."

Tafuteni jina lingine! Hapa mezani kuna dumu la lita tano, kwenye lebo chini ya namba ya simu imeandikwa info@ halafu jina letu .co.tz. Lebo kama hizo ziko stoo maboksi manne hayajafunguliwa, tumechapa mwezi wa tatu. Oda za maduka zinakuja kwenye imeili hiyo, taarifa za benki zinakuja hapohapo, ata mambo ya TRA tuliandikisha hiyohiyo.

Swali langu, domeni ni ya nani hapo? Ya aliyelipa au ya aliyesajili? Na nikigoma kutoa hiyo hela anaweza kuzima kila kitu?

---

mzee_wa_sava:

Marahaba binti. Pole na mpe mama pole.

Nakujibu swali la mwisho kwanza maana ndo la haraka. Ndio, anaweza kuzima leo hii. Aliyeshika akaunti ya domeni ndiye anayeamua jina lielekee sava gani (kompyuta inayobeba websaiti) na barua ziende wapi, akibadilisha mstari mmoja tu imeili za oda haziji tena kwako, na mbaya zaidi anaweza kuzielekeza kwake. Kwahiyo kabla hujamjibu neno lolote, usiku huu huu, ingia benki na TRA na kila sehemu mlipoandikisha hiyo imeili mkabadilishe muweke nyingine ambayo mnaishika wenyewe, ata kama ni ya Gmail. Usiseme kesho. Mtu anayepokea imeili zako anaweza kuomba paswedi mpya ya kitu chako chochote na ikamfikia yeye.

Halafu shusha imeili zote za zamani uzihifadhi kwenye kompyuta.

Sasa hilo la nani mwenye domeni. Watu wengi hawajui kwamba domeni hainunuliwi kama kiwanja. Unaisajili kwa muda, .com kwa mfano unaweza kulipia mwaka mmoja mpaka 10, ukiacha kulipa inaondoka. Na kwenye daftari la msajili, yaani kampuni inayosajili domeni, kuna sehemu kadhaa za majina. Kuna jina la mwenye domeni, kwa kizungu pameandikwa "registrant", kuna jina la msimamizi na kuna la fundi wa kiufundi. Hilo la kwanza ndo lenye uzito wote. Msajili hamjui mama yako, hajui nani alituma hela kwenye simu ya nani, anamjua yule aliyeandikwa hapo. Fundi alitakiwa akae kwenye sehemu ya fundi, ninyi mkae kwenye sehemu ya mwenyewe.

Nenda kwenye huduma ya WHOIS ya dot tz, ile ya kuangalia domeni imeandikishwa kwa nani, uandike jina lenu uone. Ya .com yawezekana isikuonyeshe kitu, tangu 2018 Ulaya walipoanza sheria yao ya taarifa binafsi wasajili wengi wanaficha majina ya watu, lakini jina la kampuni ya usajili na tarehe ya kuisha utaviona. Lete majibu hapa. Angalia sana hiyo tarehe.

---

devu_nkuhungu:

Mi ni developa niko hapahapa Dom, niseme upande wa pili kidogo maana najua hapa tutatukanwa wote.

Kwanini tunasajili kwa akaunti zetu? Asilimia kubwa siyo wizi. Mteja anakuja hana kadi ya benki inayolipa mtandaoni, hana imeili anayoikumbuka paswedi, ukimwambia fungua akaunti anakwambia we si ndo fundi bwana fanya tu. Unasajili kwenye akaunti yako moja ambayo ina domeni za wateja 30, unalipa kwa hela yako kwanza halafu unamfata mteja miezi minne unadai. Nishawahi kulipia domeni ya mtu miaka miwili mfululizo kwa mfuko wangu kwa sababu niliona aibu iishe mikononi mwangu na hakunilipa mpaka leo, kwahiyo hasira ya huyo kijana kwa ile miezi miwili naielewa.

ILA kushika jina la mtu umtoze milioni na nusu hapana. Hapo amekosea na nasema kama fundi mwenzake. Jina la kiwanda hakulibuni yeye, hela ya kusajili haikuwa yake. Akaunti kuwa yangu ni sawa, lakini pale kwenye jina la mwenye domeni unaandika mteja, inachukua dakika mbili na hakuna gharama ya ziada.

Dada yangu kitu kimoja naomba ukitenganishe kichwani kwako. Domeni ni jina. Hostingi ni pale websaiti ilipolala. Websaiti yenyewe ni kazi aliyoitengeneza. Imeili ni kitu kingine tena. Unaweza ukachukua domeni ukaondoka na kurasa zikabaki kwake, na mkataba wenu kama haukusema kitu kuhusu hizo kurasa kuna ubishi wa haki kabisa pale. Msipigane kwa vyote vinne kwa pamoja mtashindwa kumaliza. Pigania jina na imeili. Websaiti ya kurasa tano inatengenezwa upya ndani ya wiki.

Na hiyo miezi miwili mlipeni. Mapema.

---

binti_kizota:

Asanteni sana, nimebadilisha benki na TRA jana usiku mpaka saa sita, bado akaunti mbili ndogo.

Nimeangalia WHOIS. Ya .co.tz pale kwenye registrant hakuna jina moja kwa moja kuna kama kodi (code) ya herufi na namba, halafu ukishuka chini kile kikodi kimeandikwa tena na maelezo yake, na nilichokuta pale ni jina la KIWANDA, kwenye mstari wa shirika, ila jina la mtu ni lake yeye na imeili ni yake na simu ni yake. Inaisha baada ya siku 41. Ya .com majina yamefichwa yote, inaisha baada ya miezi saba.

Hii ya jina la kiwanda kuwepo inasaidia au haina maana?

Na kaka devu nimekuelewa, hela ya miezi miwili hatukatai, mama mwenyewe kasema alipwe.

---

katibu_mstaafu:

Inasaidia sana binti, shukuru Mungu. Sisi hatukuwa na bahati hiyo.

Nilikuwa katibu wa kikundi cha kina mama upande wa Kondoa, tunafuga nyuki na kuuza asali. Mfadhili alitulipia websaiti, fundi akasajili kila kitu kwa jina lake, mfadhili akamaliza muda wake akaondoka, fundi naye akahama mkoa akabadilisha namba. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na mwenzake, hakuna aliyekataa kulipa, imeili za kukumbusha kulipia zilikuwa zinaenda kwa mtu ambaye hazisomi tena na sisi hatukujua kama kuna kitu kinaitwa kuisha. Siku moja mgeni kaja ofisini kwetu ananionyesha simu yake ananiuliza mama hii ndo websaiti yenu? Nikaangalia, jina letu lilelile la kikundi, ndani ni mambo ya kubeti. Picha za mipira na namba zinazungukazunguka. Nilisikia vibaya mpaka mikono ikatetemeka, kwa sababu lile jina tulikaa chini ya mti wanawake 22 tukalichagua kwa kupiga kura.

Hatukulipata tena. Vipeperushi vilivyobaki tulivichoma.

Kwahiyo hizo siku 41 uzihesabu kila asubuhi.

---

wakili_areaD:

Naongea kwa ujumla, siyo ushauri wa kesi yako maana sijaona karatasi zako, ukitaka wa kesi nenda kwa wakili na nyaraka mkononi.

Swali la nani mwenye mali kwenye mambo haya halijibiwi na WHOIS peke yake. WHOIS inamwambia msajili amsikilize nani. Mahakama inauliza mlielewana nini. Ukimtuma mtu akufanyie kazi, kwa hela yako, kwa jina la biashara yako, huyo ni wakala wako, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu uwakala. Wakala anapopokea au kupata kitu katika kazi uliyomtuma anakishika kwa niaba yako. Hawezi kusema kwa kuwa hati ilipita mkononi mwangu basi shamba langu. Sasa hapo una risiti iliyoandikwa domeni kwa maneno, una miamala ya simu ya kila mwaka, na una daftari la msajili lenye jina la kiwanda. Hivyo vitatu vikikaa pamoja ni ushahidi mzuri kuliko watu wengi wanaokuja ofisini kwangu.

Zile meseji za WhatsApp usifute hata moja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokelewa mahakamani, lakini ukitegemea skrinishoti tu utaulizwa maswali, kwahiyo simu yenyewe itunze, usiiuze usiibadilishe, na mazungumzo yahamishe yote kwa ukamilifu siyo vipande unavyovipenda wewe.

Cheti cha jina la biashara cha BRELA, wale wanaosajili biashara na kampuni, mnacho? Kama ni kampuni, cheti cha usajili. Na je jina la mafuta mmelisajili kama alama ya biashara? Ni vitu viwili tofauti, watu wengi wanadhani cheti cha jina kinatosha.

---

chapa_ilale:

Huyo mpelekeni polisi kitengo cha mitandao akalale ndani siku mbili atatoa paswedi mwenyewe, vijana wa siku hizi hawaelewi lugha nyingine

---

wakili_areaD:

@chapa_ilale hapana. Huu mpaka sasa ni mgogoro wa makubaliano, polisi siyo pa kudaia mali ya mkataba. Akiingia kwenye imeili zao akazisoma au akazielekeza kwake bila ruhusa hapo ndipo tunaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na hadithi inabadilika. Lakini ukianza na polisi umemtisha mtu ambaye bado ameshika swichi.

Anza na barua. Ukurasa mmoja, lugha ya adabu, taja tarehe ya kazi, kiasi mlicholipa, domeni zote mbili kwa majina kamili, mwombe abadilishe taarifa za mwenye domeni ziwe za kiwanda ndani ya siku 14, na sema wazi kwamba deni la miezi miwili mnalitambua na mnalilipa. Nakala mpelekee msajili wa .co.tz. Kwa dot tz kuna kanuni za usimamizi wa majina, wasajili wameidhinishwa na wote wako chini ya macho ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwahiyo msajili akipata barua ya kiwanda yenye mhuri na cheti cha BRELA na jina hilohilo limo kwenye daftari lake hatakutupia mlangoni.

Kwa .com kuna utaratibu wa kimataifa wa kuamua migogoro ya domeni unaitwa UDRP, upo tangu 1999, ila usikimbilie huko. WIPO, shirika la kimataifa la hakimiliki linalosikiliza migogoro hiyo, ada inaanzia dola 1,500, unatakiwa uwe na haki ya alama ya biashara, na uthibitishe kwamba mtu alisajili kwa nia mbaya tangu mwanzo. Huyu alisajili mkimtuma. Majopo mengi yakiona ni ugomvi wa mteja na fundi wanasema nendeni mahakamani kwenu.

---

mzee_wa_sava:

Wakili kamaliza, niongeze ya kiufundi.

Binti, fundi akikubali usikurupuke kumwambia "nipe paswedi ya akaunti yako", ile ina domeni za watu wengine na atakuwa na haki ya kukataa. Kuna njia mbili. Ya kwanza abadilishe taarifa za mwenye domeni ziwe zenu, imeili iwe yenu, domeni ibaki kwa msajili yuleyule lakini iingie kwenye akaunti mpya mtakayofungua ninyi. Ya pili muihamishe kwa msajili mwingine, hapo anatakiwa afungue kufuli ya uhamisho na akupe namba ya siri, wengine wanaiita EPP. Hiyo namba ndo ufunguo, usiitume kwenye grupu la familia.

Kwa .com kuna mtego. Ukibadilisha jina la mwenye domeni, mara nyingi inafungwa siku 60 isihame kwa msajili mwingine. Siyo njama ya fundi, ni kanuni ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani, kuzuia wizi. Kwahiyo amua kipi kianze. Ninavyoona we anza na kubadilisha jina, kuhama kutasubiri, muda unao miezi saba.

Ya .co.tz yenye siku 41 mlipie mwaka mzima SASA kabla ya vingine vyote, ata kama bado iko mikononi mwake. Hela ya mwaka mmoja ni ndogo kuliko boksi moja la lebo zako. Kwa .com mtu akichelewa kuna nafasi kidogo, msajili anaweza kukupa mpaka siku 45, halafu kuna siku 30 za kukomboa kwa faini kubwa, halafu siku 5 na inaachiwa kwa yeyote. Lakini hizo ni za .com, usidhani kila domeni ina huruma hiyo.

Na kabla ya kuhamisha chochote mwombe akupe mistari yote ya DNS, ile inayosema websaiti na imeili ziende wapi, hasa ile ya MX inayoleta imeili. Nimeona ofisi wamehamisha domeni vizuri kabisa ijumaa jioni, jumatatu wanashangaa simu za wateja mbona hamjibu, kumbe mistari haikunakiliwa.

---

devu_nkuhungu:

Halafu mtafuteni mkae naye uso kwa uso kabla ya barua. Sisi wengine ukituma barua ya wakili kwanza tunashupaa. Apewe soda aongee yake.

---

binti_kizota:

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimekaa kimya siku 12.

Nilimwomba mjomba anisindikize, yeye ndo alitutafutia huyo kijana mwanzoni. Tukakutana karibu na Nyerere Square saa nane mchana. Nilikuwa na bahasha mbili, moja ina barua ya wakili ambayo nilikuwa nimeamua siitoi kama tutaelewana, nyingine ina elfu thelathini ya ile miezi miwili kwa hesabu yetu. Nikaanza na ya hela. Nikamwambia hii ni yako tulichelewa na mama anakuomba radhi. Akakaa kimya kidogo halafu akasema kilichomuuma siyo kuchelewa, ni kwamba nilimwandikia "tumepata mtu mwingine" wakati mwaka jana sava ilipoanguka alikesha usiku mzima kuturudishia na hakutudai shilingi. Hilo sikulijua. Mama alijua hakuniambia. Nikamuomba radhi palepale na sikuwa naigiza.

Ile milioni na nusu hakuitaja tena. Mjomba ndo aliyeuliza, akasema aliandika kwa hasira.

Alifungua laptopu mezani nikaona kwa macho yangu. Kwenye .co.tz akatoa jina lake akaandika jina la mama, imeili yetu mpya, simu ya ofisi, msajili akataka barua yenye mhuri na cheti cha BRELA nikavituma kesho yake, siku tatu baadaye nikaangalia WHOIS na kile kikodi kimebadilika, chini kuna jina la mama. Tumelipia miaka miwili. Mistari ya DNS kanitumia kwenye faili, iko sita, nimeichapa nimeiweka kwenye faili la leseni.

Ya .com ilikuwa kwenye jina lake mwenyewe kabisa, kiwanda hakijatajwa popote. Kabadilisha, ikaja imeili ya kuthibitisha pande zote mbili, yeye akabonyeza na mi nikabonyeza. Kama mzee alivyosema imefungwa siku 60, nimeandika tarehe ukutani kwenye kalenda ya kiwanda juu ya mashine ya kuchuja.

Kurasa za websaiti kasema tuchukue, ila picha moja ya shamba alipiga mwenyewe kule Iramba anaomba jina lake libaki chini yake. Limebaki.

@katibu_mstaafu nimeongea na mama habari ya kikundi chenu, anauliza kama bado mnauza asali, tuna nafasi kwenye duka letu la hapa Kizota.

---

katibu_mstaafu:

Tunauza mwanangu. Lita na nusu lita. Nitumie namba ya mama pembeni.